Wakili wa Gerezani na Kesi ya Soko la Jumamosi

Fikirini Haruna anauza giaboksi za mitumba pale mtaa wa Gerezani, jijini Dar, na ukimkuta asubuhi, ovaroli limelowa oili mpaka magotini, huwezi kudhani kwamba huyu ni mtu ambaye hajawahi kushindwa kesi. Kesi arobaini na moja, zote kashinda! Sheria hakusomea. Shule aliishia darasa la saba kule Ruangwa, akaletwa mjini na mjomba wake kuja kufungua boliti, na boliti hizo ndizo zilizomlea, zikamwoza na kumsomeshea watoto. Lakini ukiliulizia jina la Fikirini utazungushwa mtaa mzima. Ulizia Wakili, utapelekwa mpaka mlangoni.

Mahakama yake ni kijiwe cha kahawa cha Mgeni, mabenchi mawili na birika moja kando ya barabara, mahali ambapo mikokoteni inayotoka Kariakoo hupunguza mwendo ikwepe shimo. Kikao huanza baada ya swala ya alasiri, spana zikishawekwa chini. Hakimu ni Mzee Zakayo, mstaafu wa reli, ambaye kazi yake ya miaka yote ilikuwa kuruhusu treni kwa bendera. Bendera zenyewe bado anazo. Akiinua ya kijani unasema, akiinua nyekundu unafunga mdomo hata kama umefika katikati ya neno. Mwendesha mashitaka ni Samson, hamali mwenye kifua cha kubeba magunia na sauti ya kuyaita yaje yenyewe. Na mshitakiwa? Mshitakiwa ni kiti cha plastiki, cha bluu, kimevunjika mkono mmoja. Mzee Zakayo aliweka sharti tangu mwanzo kwamba jina la mtu halitajwi hapo, kila kosa linabebwa na kiti. Kiti hicho kimeshawahi kuwa refa, kimekuwa mwenye nyumba, kimekuwa mkwe mwenye mdomo, na mara tatu kimekuwa kocha wa timu ya watoto wa Jangwani.

Hukumu hutolewa kwa vikombe. Maneno yakiisha, Mgeni hupitisha sinia, na kila aliyekunywa kahawa huweka kikombe chake. Ukikisimamisha, umemwachia mshitakiwa. Ukikifudikiza, mdomo chini, umemtia hatiani. Upande ulioshindwa huosha vikombe vyote. Samson ameviosha mara arobaini na moja, mpaka Mgeni anamtania kwamba atamwandikia barua ya ajira.

Fikirini siku zote hutetea. Kushitaki, anasema, kila mtu anajua, hata mtoto mchanga anashitaki. Utamu uko kwenye kutetea! Umpokee mtu anayechukiwa na mtaa mzima, umgeuze, umpige msasa, umrudishe kwa watu wakimwonea huruma. Siku ya kesi giaboksi huwa haziuziki kwake, maana anampa mteja bei huku akitembea na kujisemea.

Jumatatu moja redio ya Mgeni ikaleta habari. Rais wa nchi ya jirani, ambayo siitaji kwa sababu vita vyake havijaisha na baadhi ya watu wa hadithi hii bado wako huko, alikuwa ameulizwa na waandishi juu ya soko. Miaka miwili nyuma, siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi, ndege zake zililipiga soko moja la kijijini ambamo waasi walikuwa wamejificha. Watu sitini na wanne walikufa, wengi wao wauzaji. Sasa rais akajibu kwamba amri aliitia saini mwenyewe, Alhamisi, na angeitia saini tena. Kijiwe kiliwaka! Hawa ni watu wa soko, wamezaliwa sokoni, wengine wamezikwa na michango ya soko. Kabla taarifa ya habari haijaisha Mzee Zakayo alishainua bendera ya kijani, na kiti cha bluu kikawa rais.

"Jamani!" Samson akaanza, hata kahawa hajaionja. "Chukulieni ni Kariakoo. Jumamosi, saa nne. Mitaa ya Kongo na Msimbazi imejaa, huna pa kuweka mguu. Halafu ndege! Huyu anatafuta wanaume kumi wenye bunduki, anatuua sisi na mabeseni yetu ya nyanya. Kuna la kujadili hapo? Lete sinia!"

Watu wakapiga makofi. Fikirini alisubiri yaishe, akafuta mikono kwenye ovaroli, akasimama nyuma ya kiti na kukishika begani kama mtu anayemfariji mgonjwa.

"Ndugu Samson, waasi walikuwamo sokoni, hawakuwamo?"

"Walikuwamo."

"Aliyewaweka akina mama mbele ya bunduki ni nani, mteja wangu au wao?"

Samson akakohoa. "Wao."

"Ahsante. Na usukani wa ndege aliushika nani? Mteja wangu hata baiskeli hajui!" Kicheko. "Analetewa karatasi na mabingwa, wanamwambia mkuu, tusipowapiga leo, kesho wataua mia tatu. Wewe ungefanyaje? Ungeagiza kahawa?"

Kicheko kikazidi, na kicheko cha watu kwa Fikirini ni petroli. Akaongeza sauti. "Sikilizeni akili ya huyu mtu! Alhamisi anatia saini, ananyamaza. Ijumaa, mmesikia kwenye taarifa, redio ya serikali yake inatangaza: soko la kesho lipo kama kawaida, wananchi msiwe na hofu. Mnaliona hilo? Angetangaza hatari, waasi wangekimbia! Straika anaangalia kulia, anapiga kushoto. Kipa hoi. Huo ndio uongozi, jamani, na uongozi hauhukumiwi na watu waliokaa kwenye benchi!"

Basi, ikawa kelele. Abiria wa mabasi ya mwendokasi waligeuza shingo. Sinia lilipita, na Mzee Zakayo akahesabu kwa kidole: vikombe ishirini na tatu vimesimama, vinane mdomo chini. Kesi ya arobaini na mbili! Wakambeba Fikirini mabegani mpaka mlangoni kwake, oili ikiwapaka mashati, na yeye akapunga mikono huku na huku, furaha imemjaa kifuani. Kutoka huko juu ndipo alipomwona Sofia.

Sofia anashona makava ya viti vya gari upande wa pili wa barabara. Ni mwanamke wa miaka arobaini kasoro, mcheshi, ambaye kila Wakili akisimama yeye huzima cherehani ili asikie, na Mgeni humvushia kikombe chake kimoja na baadaye kukifuata kwa sinia. Watu walijua kwao ni nchi ya jirani. Zaidi ya hapo hakusema, na watu wa Gerezani wana heshima zao, usiyoyasema hawayachimbi. Siku hiyo alikuwa amesimama, kikombe kimelala mkononi, kahawa yote imemwagikia kava jeupe la mteja, na yeye haangalii kava. Anamwangalia Fikirini. Kikombe chake hakikuwekwa kwenye sinia.

Asubuhi yake alikuja dukani, hajafungua hata pazia la kibanda chake.

"Shikamoo, kaka Wakili."

"Marahaba, dada Sofia. Naona jana tulikuharibia kava la watu."

"Nataka unitetee."

Fikirini akacheka. "Umemkata nani na mkasi?"

Sofia hakucheka. Alikaa juu ya giaboksi ya lori la Fuso, akaunganisha vidole vyake. "Lile soko ni la kwetu," akasema.

Akamweleza. Zamani, kabla ya makava, alikuwa anauza samaki wakavu hapo Kariakoo, samaki waliokuwa wakiletwa kutoka kwao na mama yake. Wiki ile mama alikuwa amefunga mizigo aondoke na Eliasi, mdogo wake Sofia, kwa sababu milio ya bunduki ilikuwa imesogea. Ijumaa jioni Sofia akaisikia redio ya serikali ya kwao kwenye simu: soko lipo, msiwe na hofu. Alikuwa na wateja wanaosubiri samaki. Akapiga simu.

"Nikamwambia, mama usiondoke, serikali imetangaza, uza kesho ndipo uje. Akaniambia sawa, mwanangu." Sofia alisema kwa haraka, kana kwamba akisimama hataweza kuendelea. "Eliasi alikuwa amekwenda kutafuta mkokoteni, ndiyo akapona. Hajui kwamba nilipiga. Miaka miwili tunaongea mvua, tunaongea watoto, hilo silisemi. Samaki siwezi kuwashika tena, hata harufu."

Fikirini akavuta giaboksi nyingine, akakaa mbele yake.

"Jana ulisema ile redio ilikuwa akili, na watu wakacheka," Sofia akaendelea. "Nikajiuliza, je, mimi ndiye kipa aliyedanganywa, au mimi ndiye niliyempigia mama? Sijui, kaka. Kila siku naihukumu nafsi yangu, na sina wakili. Nawe umeshamwachia yule. Je, na mimi utaniachia?"

Alipoondoka, Fikirini aliunga giaboksi moja kinyumenyume, akaifungua, akaiunga tena kinyumenyume. Aibu ilimchoma, tena aibu ya kweli, ya mtu aliyechekesha msibani bila kujua kwamba ni msiba. Lakini nisimpambe, na hasira ilikuwepo, kwa sababu aliona palepale kwamba hakuna njia ya kumtetea Sofia bila kuivunja kesi ya arobaini na mbili. Samson angemcheka mpaka kaburini! Alizunguka duka mara kumi. Mara ya kumi na moja alitupa spana na kwenda kwa Mzee Zakayo kuomba rufaa ya kiti na kesi ya Sofia zisikilizwe pamoja.

Habari ilipofika Kariakoo ilikuwa imeshanenepa. Wakili anakata rufaa dhidi ya Wakili! Alasiri watu walijaa mpaka barabarani, mahamali wakageuza mikokoteni kuwa viti, na Mgeni akaazima birika la pili na vikombe vya jirani. Sofia alikaa karibu na kiti cha bluu, kitambaa kichwani, mgongo umenyooka. Mzee Zakayo alieleza shitaka la Sofia, ambaye mwenyewe aliruhusu jina lake litajwe, kwa ufupi, kwa sauti ya chini, na wale waliokuja kucheka wakaacha kutafuna kashata.

"Mimi siwezi," Samson akasema. "Siwezi kumshitaki dada wa watu."

"Nishitaki, Samson," Sofia akamwambia. "Tena vizuri. Ukinionea huruma utakuwa umenipotezea siku."

Samson akasimama. "Ulimwambia mama abaki?"

"Nilimwambia."

"Kwa ajili ya samaki?"

"Kwa ajili ya samaki."

"Usingepiga simu, angekuwa hai?"

"Angekuwa hai."

Samson akakaa, akajifunika uso kwa ile mikono mikubwa. Bendera ya kijani ilipanda taratibu.

Fikirini alitoka mbele. Hakuwa na mzaha wowote mdomoni.

"Dada Sofia, Ijumaa ile ulijua kwamba ndege zinakuja?"

"Sikujua."

"Ungejua?"

"Ningemfuata kwa miguu! Ningemvuta kwa nywele!"

Hapo Fikirini akakigeukia kiti. Alikigeukia kwa ghafla mpaka watu wa mbele wakarudi nyuma. "Na wewe? Ulijua?"

Kiti kikanyamaza kama kawaida yake.

"Jana nilisimama hapa nikasema hakushika usukani," akauambia umati. "Sofia naye hakuushika. Nikasema alitegemea alichoambiwa. Sofia naye. Nikasema alikuwa na nia njema, na Sofia naye, nia yake ilikuwa mama auze, aje Dar ale ubwabwa na wajukuu. Haya niambieni, wamefanana?"

"Hawajafanana!" mtu akapiga kelele kutoka kwenye mkokoteni.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu yule alijua!"

"Alijua!" Fikirini akapaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. "Alhamisi saini, Ijumaa tangazo! Jana nililiita akili tangazo hilo, na nyinyi mkanibeba. Mjinga mimi! Alihitaji wale akina mama wabaki palepale, na mabeseni yao, ili waasi wasishtuke. Amewafanya chambo. Waasi walijificha nyuma ya watu, ndiyo, na dhambi hiyo ni yao, siwapunguzii hata kidogo. Lakini yeye akawashikilia watu walewale mbele, wasisogee. Nionyesheni tofauti yao!"

Umati ukavuma. Mzee Zakayo akainua bendera nyekundu, kelele zikakatika.

"Wakili, swali la hakimu. Angetangaza hatari, waasi wangekimbia, kesho wakaua mia tatu. Hilo ulilisema mwenyewe."

"Nililisema, Mheshimiwa." Fikirini akajifuta jasho kwa mkono wa ovaroli, akaacha mstari mweusi kwenye paji la uso. "Huenda ni kweli. Sina jibu lake lote, na siwezi kukudanganya. Kuongoza ni kugumu, ndiyo maana wanapewa misafara na ving'ora. Lakini kama amepima, akaona watu sitini na wanne wafe, basi asimame mbele ya watoto wao aseme: mimi niliwaua mama zenu, niliwadanganya wabaki, nihukumuni. Amesema hivyo? Amesema angetia saini tena, halafu akaendelea na chai! Na ule mzigo alioukataa umemwangukia nani? Fundi wa makava, Gerezani! Miaka miwili anaubeba mtu ambaye hakutia saini yoyote!"

Hapo hata Mzee Zakayo alisahau bendera. Watu walikuwa wamesimama juu ya mabenchi, wengine wanalia waziwazi, wengine wanagonga birika kwa vijiko. Fikirini akainua mikono miwili.

"Naomba kesi ya arobaini na mbili ifutwe. Naomba nishindwe."

Mgeni akapitisha sinia kwa ajili ya kiti, kisha akaongeza beseni, maana sinia halikutosha. Vikombe vilishuka mdomo chini, kimoja baada ya kingine, hakuna kilichosimama. Samson aliruka juu kama aliyefunga goli dakika ya tisini. "Nimeshinda! Wakili, leo unaosha!" Na Fikirini, huku amejaa machozi, akacheka, akavua saa, akachuchumaa kwenye ndoo na kuanza kuosha, kwa sababu kura ya pili ilihitaji vikombe.

Kura ya pili ilikuwa ya Sofia. Vikombe vyote vikasimama. Watu walianza kushangilia, lakini Mzee Zakayo aliwatuliza, kwa kuwa Sofia mwenyewe alikuwa bado ameshika chake.

"Na wewe una kura, mwanangu," akamwambia.

Sofia alikiangalia kikombe. Akakiinamisha, akakiinua.

"Siwezi," akasema. "Ninyi wote mmeniachia, nawashukuru. Lakini kuna mtu hajanisikia." Akakiweka kikombe mapajani, akatoa simu mfukoni, akabonyeza. Fikirini alikuwa bado amechuchumaa kwenye ndoo, mikono ndani ya maji.

Simu iliita mara tatu. Sofia aliweka spika, labda ili asiweze kurudi nyuma.

"Dada, shikamoo," sauti ya kiume ikatoka, imechangamka. "Mbona kelele, uko mpirani?"

"Marahaba. Eliasi, nisikilize usinikate." Akafumba macho. "Ile Ijumaa nilimpigia mama. Nilisikia redio. Nilimwambia asiondoke, soko lipo. Ni mimi, Eliasi. Mama alibaki kwa ajili yangu."

Dereva aliyezuiwa na mikokoteni aliondoa mkono kwenye honi. Fikirini alijiona amefanya kosa kubwa kuliko yote ya maisha yake. Kumbe anamkosesha mwanamke huyu ndugu wa mwisho aliyebaki naye, tena mbele ya watu!

"Saa ngapi?" Eliasi akauliza, sauti imebadilika.

"Saa mbili usiku."

"Saa mbili." Ikasikika pumzi, kisha kitu kama kikohozi. "Dada, saa mbili mizigo ilikuwa imeshafunguliwa. Niliifungua mimi. Niliisikia redio ileile saa kumi, nikamwambia mama tuuze kwanza, nitatafuta mkokoteni kesho. Alikataa, nikamlazimisha. Nikafungua kamba kwa mikono yangu." Sasa alikuwa analia, bila kujificha. "Nimeshindwa kukwambia. Nilijua ukijua hutanipigia tena."

Sofia alifumbua macho. Alimtazama Fikirini, akamtazama Mzee Zakayo, akawatazama watu wote waliojaa barabarani, simu ameing'ang'ania kwa mikono miwili, analia na kucheka kwa pamoja.

"Na yeye!" akapiga kelele. "Jamani, na yeye! Miaka miwili yote, na yeye alidhani ni yeye aliyemuua mama!"